Jina Chini ya Kiti

Kaka yangu ni fundi seremala, na mtaani kwetu wanamwita Taratibu. Usidhani ni jina la heshima. Ukimwagiza kitanda cha harusi, watu wanakushauri uagize na cha mtoto kabisa, maana vitatoka pamoja. Mimi ni mdogo wake. Nashona mito na kuvalisha viti sponji katika karakana hiyo hiyo, paa moja, vumbi moja. Yeye hana haraka na mimi sina subira. Tumegombana mle ndani tangu baba alipotuachia randa na misumeno yake, na bado hatujamaliza.

Mtaa wetu ni wa maseremala watupu, pande zote mbili za barabara, na una adabu zake. Ya kwanza ni kwamba kitu kipya hakifichwi. Ukibuni meza ya namna yako unaitoa kibarazani, mafundi wenzako wanakuja, wanaitikisa, wanaipindua, wanakucheka, ndipo inaitwa meza. Anayefunika kazi yake kwa turubai tunajua ana kasoro anayoificha. Ya pili inahusu alama. Kila fundi huchonga alama yake mahali pasipoonekana, nyuma ya droo au chini ya kiti. Ikitokea wawili wanaigombea alama moja, mwenye kujiheshimu huiondoa yake kwanza kwenye kazi zake zote, halafu ndiyo anakwenda kuzungumza. Kwenda kwenye mazungumzo alama yako ikiwa bado ipo ni sawa na kwenda umekunja ngumi. Mimi adabu hiyo sijawahi kuipenda. Kaka yangu amekulia humo na hajui nyingine.

Alimwoa wifi yangu, mpishi wa shule, mwanamke mcheshi mwenye mikono ya kazi, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike. Mtoto alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na mwili wake haukupata nguvu. Shingo ilikuwa legelege, kiuno legelege, ukimkalisha anateleza mpaka chini. Maneno hayakutoka. Lakini sauti, jamani! Kutwa alikuwa akitoa vilio vidogovidogo vya furaha, vya kulalamika, vya kumjibu kila apitaye barabarani. Mimi ndiye niliyemwita Chiriku. Nilisema huyu hata hajaanza kuongea na ametushinda wote kwa maneno. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, na jina likamganda mtoto.

Wifi alimbeba mgongoni hadi mtoto akawa mzito na mgongo ukaanza kumuuma. Basi Chiriku akawa analala tu, kwenye mkeka karibu na meza ya kaka, anatazama paa. Watu wakipita anawasikia bila kuwaona. Hilo ndilo lililomkereketa kaka yangu. Alianza kuacha kazi za wateja na kupiga magoti pale mkekani, anamkalisha mtoto, anamwachia kidogo, anatazama anatelezea wapi, anamdaka.

"Kaka, huyo mtoto si ubao," nikamwambia.

"Ubao ungekuwa rahisi," akajibu, hata hakugeuka.

Alitengeneza viti akavivunja, akatengeneza vingine akavivunja. Wateja walikuja juu, mimi nikabaki kuwatuliza kwa uongo wa kila aina. Mwishowe alielewa kitu ambacho mimi, niliyekuwa nikishona mito ya viti hivyo vyote, sikukiona: mtoto hakuwa anaanguka kutoka juu, alikuwa anateleza kutoka chini. Kiuno kikishikwa, shingo inajitahidi yenyewe. Akachonga kikalio chenye nundu ndogo katikati ya mapaja, akakiinamisha kidogo kwa nyuma, akaweka mbao mbili za ubavuni na sehemu ya kukanyagia, vyote vikiwa juu ya vigingi vya mbao vinavyoingia kwenye matundu. Mtoto akirefuka, unachomoa kigingi unakisogeza tundu la mbele. Kiti kinakua na mwenyewe.

Tulimkalisha Chiriku pale, nikamfunga mkanda wa kitambaa nilioushona mwenyewe, tukamtoa kibarazani. Alinyamaza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza mchana. Aliiangalia barabara, ile aliyokuwa akiiongelesha kila siku bila kuiona, halafu akapiga ukelele mmoja uliowafanya mafundi wa upande wa pili waache misumeno watoke nje. Kaka yangu aliingia ndani akajifanya anatafuta gundi.

Kiti kilishinda kibarazani miaka, na mwenye kiti juu yake. Mafundi walikuja kukitikisa kama ada, safari hii taratibu kwa sababu kulikuwa na mtu. Wazazi wenye watoto wa namna hiyo wakaanza kuja, wengine kutoka mbali, na kaka akawa anawatengenezea. Aliyeleta mbao zake alitengenezewa kwa mbao zake. Kila aliyeuliza alielezwa, fundi au si fundi. Nilimwambia awe anafunga mdomo angalau mara moja moja. Akaniambia, "Mtoto wa mtu akikaa, mimi nimepungukiwa nini?"

Mwaka mmoja mvua zilikuja na baridi, na kifua cha Chiriku kilikuwa dhaifu siku zote. Alikohoa, akapelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena. Hakurudi. Sitaeleza zaidi, kwa sababu nikianza sitamaliza kuandika. Nitasema tu kwamba kelele za mtaa wa maseremala ni kubwa, randa, nyundo, misumeno, na baada ya mazishi sisi watatu tuliuona mtaa ule umekufa ganzi.

Kaka yangu alikuwa na alama yake ya siku zote, pembetatu aliyorithi kwa baba. Kiti cha kwanza alichotengeneza baada ya msiba kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa na mwana wa kiume asiyeweza kukaa. Nilipokigeuza nikishonee mto, nikaona pembetatu haipo. Pale mahali mtoto anapokalia, kwa upande wa chini, kwa herufi za patasi zilizonyooka, ameandika Chiriku. Kuanzia hapo kila kiti cha watoto kilichotoka kwetu kilikuwa na jina hilo chini, na wazazi wakaviita hivyo. Viti vya Chiriku. Wifi yangu alikuwa akipita karakana akitoka kazini, anapitisha kidole kwenye zile herufi kabla kiti hakijachukuliwa, halafu anakwenda zake nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake, na sidhani kama alikuwa na nyingine.

Kisha akaja bwana mmoja wa kiwanda cha samani, nadhifu, mwenye viatu vyeupe ambavyo hakuna mtu mwenye akili anayevivaa kwenye karakana. Alikaa nasi asubuhi nzima. Alipima kiti, akakipiga picha, akakipindua, akaliona jina, akauliza. Kaka akamsimulia yote, kuanzia mkekani hadi hospitali. Bwana yule alifuta macho. Siwezi kusema alikuwa akiigiza. Labda alilia kweli, na bado akafanya aliyoyafanya. Watu wanaweza kufanya yote mawili kwa siku moja.

Tulikuja kulisikia jina redioni. Jirani yetu anayepaka rangi huwa anaifungulia redio yake barabara nzima, na siku hiyo kati ya nyimbo akatokea mwanamke mwenye sauti ya asali. "Chiriku!" akaita. "Kiti cha mtoto wako." Kaka yangu aliinua kichwa akatazama mlangoni. Alikitazama kibaraza, pale kiti kilipokuwa kikikaa, kabla ya kukumbuka.

Haukupita muda mrefu yule bwana akarudi, safari hii na viatu vyeusi. Aliongea kwa upole. Alisema jina sasa ni la kiwanda, limesajiliwa, ni alama ya biashara yao, na fundi asilichonge tena kwenye viti vyake. Basi. Hakusema zaidi ya hapo, na hapo ndipo panaponiuma. Hakumwambia afute yaliyokwisha chongwa.

"Tutakwenda kuzungumza," kaka akamjibu, na akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni.

Nilijua anachofikiria kabla hajachukua randa. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Usithubutu. Hawa si mafundi wa mtaani, kaka. Hawajui adabu zako."

"Mimi nazijua," akasema.

"Na wifi?"

"Ataelewa. Jina likigombewa unakwenda na mikono mitupu. Ukienda nalo limo, unaonekana mgomvi, hakuna anayekusikiliza."

Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio yake asikie vizuri. Haikusaidia kitu. Taratibu ni mtu mpole, na mtu mpole akishaamua hasogezwi. Aliweka randa ndogo kwenye mkoba akaanza kuzunguka mjini, nyumba baada ya nyumba. Anabisha hodi, anamsalimu mama, anamwomba ambebe mtoto kidogo, anapindua kiti, anapiga randa, anapiga msasa, anakirudisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaliza kazi haraka.

Wifi yangu alijua kwa kuambiwa na mmoja wa wazazi hao. Aliingia karakana na sare yake ya jikoni, akasimama mbele ya mumewe.

"Ulimwomba nani ruhusa?" akamwuliza.

"Mke wangu, ni kwa muda tu. Tukishazungumza nitalirudisha."

"Hospitali walimwandika jina la karatasi. Hili la Chiriku ndilo tulilomwitia. Lilikuwa limebaki kwenye zile mbao peke yake, na wewe umelipiga randa kwa mkono wako." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Mimi ndiye niliyemburuta kaka hadi kwenye ofisi ya usajili, orofa ya juu ya jengo lenye lifti mbovu. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, na nikakuta mwanamama mtaratibu, kikombe cha chai pembeni, aliyetupa viti na kutusikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilikosa wa kugombana naye, nikakasirika zaidi.

"Tutenganishe mambo," akasema. "Kuna kiti, na kuna jina. Tuanze na kiti. Mvumbuzi akibuni kitu kipya anaweza kuomba hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze kwa muda fulani. Lakini lazima aombe kabla hajakionyesha. Wewe ulikionyesha?"

"Kilikuwa kibarazani, mama," kaka akasema. "Miaka. Sisi hatufichi kitu."

"Basi machoni pa sheria si kipya tena. Huwezi kupata hataza."

"Na wao kiwandani?"

"Wao pia hawawezi. Kilishakuwa hadharani. Kiti hicho sasa anaweza kukitengeneza yeyote."

Kaka yangu akatabasamu. Nakwambia ukweli, alitabasamu! "Hilo ni zuri," akasema. Nilitamani kumfinya.

"Sasa jina," mwanamama akaendelea. "Jina ni alama ya biashara, na lenyewe lina njia yake. Wao waliliomba, likatangazwa kwenye jarida letu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu."

"Nani mtaani kwetu anasoma jarida lenu?" nikadakia.

"Najua," akasema, na hakunikasirikia. "Lakini bado kuna mlango. Aliyelitumia jina kwenye kazi zake kabla ya mwenzake anaweza kwenda mahakamani aombe usajili ufutwe. Kinachotakiwa ni kuthibitisha. Una matangazo? Bango? Picha zenye jina? Mauzo yaliyoandikwa?"

Hatukuwa na lolote kati ya hayo. Wazazi walikuja kwa kuambiana, na picha zao zote ni za watoto wakicheka. Nani anapiga picha chini ya kiti?

"Jina uliliweka wapi, fundi?"

"Nililichonga. Chini ya kila kiti."

Mwanamama alinyanyuka kidogo kitini kwa furaha. "Kwa nini hukuanza na hilo? Viti vyenyewe ndivyo ushahidi! Vimezeeka majumbani mwa watu, na watu wenyewe watasema walivipata lini. Niletee hivyo. Hata viwili vitatu. Hata kimoja, tuanze nacho."

Kaka yangu aliitazama mikono yake. Ikabidi niseme mimi.

"Ameyaondoa, mama. Yote. Kwa randa."

"Walimlazimisha?"

"Hapana. Ni adabu ya mtaani kwetu."

Yule mama hakutucheka. Alisogeza kikombe chake, akakirudisha pale pale. Kisha akasema kwamba siku ile kaka alipokatazwa, angekuja hapo kwanza kabla ya kugusa chochote. Kwamba majirani na ndugu wanaweza kutoa ushahidi wa mdomo, ila mbele ya cheti cha usajili maneno ya ndugu ni mepesi. Na kwamba tutafute, huenda kimoja kimesahaulika. Alisema hivyo mara mbili, tutafute. Nikaona naye moyo umemuuma.

Njiani niliwaza kiti cha Chiriku mwenyewe, kilichopo hadi leo chumbani kwa wifi. Chini yake hakuna neno. Wakati kinatengenezwa hakikuhitaji jina, mwenye jina alikuwa amekikalia.

Tulikuwa tumefika mtaani kaka aliposimama ghafla katikati ya watu. "Yule mama wa mtoto wa kiume," akasema. "Kile cha kwanza baada ya msiba. Alihama. Sikumpata."

Sijawahi kumwona kaka yangu akitembea haraka vile. Tulimtafuta kupitia kliniki ambako watoto hao hupelekwa kunyooshwa viungo, tukaelekezwa hadi mwisho wa mji, nyumba ya vyumba vingi vyenye ua mmoja na bomba moja. Wifi tulimchukua. Hakuwa anaongea na mumewe siku zile, lakini alikuja, amevaa nguo zake nzuri kama anakwenda kumwona mgonjwa. Na mimi, mwenye kichwa kigumu nisiyeamini mambo kirahisi, nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomcheka yule bwana wa viatu.

Mama yule alitupokea kwa vifijo. "Fundi Taratibu! Karibuni, karibuni ndani!" Mwanawe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti kile kile, mbao zimekolea rangi kwa kushikwashikwa, vigingi vimesogezwa karibu tundu la mwisho. Amekuwa mkubwa. Alimtazama kaka yangu akacheka kwa mwili mzima.

"Mama, nakuomba umnyanyue kidogo," kaka akasema. "Nataka kuona chini."

Akamnyanyua. Kaka akapindua kiti. Wifi akainama pamoja naye, kidole chake kikiwa tayari.

Palikuwa na bonde. Bonde baya, la makwaruzo, nyuzi za mbao zimesimama.

"Nilisikia kliniki," mama yule akasema, bado anatabasamu, mtoto begani. "Wenzangu walisema unapata misukosuko kwa sababu ya lile jina, unazunguka unalifuta. Nikasema fundi wangu ataniona wapi huku? Nikalikwangua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nisije nikakuponza." Akatutazama mmoja mmoja, na tabasamu likaanza kumtoka. "Nimekosea, fundi?"

Nilitaka kulia kwa sauti, pale pale uani. Kaka yangu hakuwa hata na dalili ya hasira.

"Hujakosea, mama. Umefanya la maana. Umeniokolea safari."

Kisha akatoa kipande cha msasa mfukoni, maana hatembei bila hicho, akapiga magoti, akaanza kulainisha yale makwaruzo yasije yakamchoma mtu anayekibeba kiti. Alisugua polepole, anapuliza vumbi, anapapasa, anasugua tena, mpaka pale palipokuwa na jina la mwanawe pakawa laini kabisa. Wifi alisimama akamtazama mpaka mwisho. Halafu akamshika mkono, wakatoka.

Kesi hatukufungua. Kaka bado anatengeneza viti vya watoto, hakuna anayemkataza, sheria iko upande wake kwa hilo. Ameirudia pembetatu ya baba. Kiwanda nacho kinauza vyake, na redio ya jirani inaita karibu kila siku. Sasa haangalii mlangoni tena. Anasubiri tangazo liishe, ndipo randa inaendelea.

Juzi alikuja mama mgeni na mtoto mgongoni, kijitoto kidogo chenye shingo legelege. Alikizunguka kiti kilichokuwa kibarazani, akakigusa.

"Redioni wanasema mtoto kama huyu anahitaji Chiriku," akasema. "Hiki ndicho Chiriku, fundi?"

Wifi yangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, na chakula cha kaka kwenye kopo. Alisimama pale pale.

"Hapana, mama," kaka akasema. "Hiki si Chiriku."

Wifi aliweka kopo mezani, akatoka nje. Kaka akamwomba yule mama amshushe mtoto, akapiga magoti, akaanza kumpima miguu. Mimi nilishika sindano yangu na uzi, na kwa muda mrefu sikuliona tundu lake.